Taratibu amefumba macho mchana

Jumanne moja ya Januari nilirudi kutoka kazini saa moja na dakika kumi asubuhi, nikamkuta Taratibu ameketi chini kabisa, juu ya udongo wa chungu, macho ameyafumba. Taa yake ilikuwa imeshawaka. Kinyonga mzima halali taa ikiwaka. Usiku hujishika kwenye ncha ya tawi, na mwanga ukija, jicho moja huanza kuzunguka kabla ya lenzake. Nilivua koti, viatu nikavisahau miguuni, nikapiga magoti mbele ya kizimba.

Taratibu ni kinyonga wa Jackson, jamii ile ambayo dume lake lina pembe tatu usoni. Yeye ni jike, hana pembe. Tulimnunua Oktoba hapa Minneapolis, Marekani, zawadi ya binti yangu alipotimiza miaka kumi na mmoja. Muuzaji alituambia bado ni mtoto. Hakuwa mtoto.

Mimi nimezaliwa Embu, kando ya Mlima Kenya, na kule hawa ni wenyeji. Tulikuwa tukiwakuta kwenye ua wa michongoma tukienda shule, tukawarushia mawe. Wakubwa walitusimulia kwamba Mungu alimtuma kinyonga aje kutuambia hatutakufa, akajikokota njiani, ndege akamtangulia na habari ya kifo. Kwa hiyo tulimpiga kwa kosa hilo. Jambo hilo linaniuma kila ninapomshika huyu mkononi. Mama, nilipomwonyesha kwenye simu siku ya kwanza, alirudi nyuma na kiti chake: "Mwanangu, unalala nyumba moja na hicho kitu?"

Nilipoanza kusoma habari zao ndipo nilipojua kwamba wengi wa aina hii walio Marekani asili yao ni vinyonga wa Kenya waliofika kisiwa cha Oahu, Hawaii, mwaka 1972. Walifika wamedhoofika kwa safari, aliyewaagiza akawaachia nje wapate nafuu, wakatawanyika mitini na kuzaana. Kenya ilizuia kuwauza nje mwaka 1981. Yaani huyu wangu huenda ni mjukuu wa mlima wetu kwa njia ya bahari. Sijui kwa nini hilo lilinifanya nimpende zaidi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Basi asubuhi ile. Kwa siku nne alikuwa hajala. Nilikuwa nimeona akirusha ulimi, unatoka nusu na kuanguka kama kamba iliyolowa, na nyenje anaendelea kutembea. Mikono ilimtetemeka akihama tawi. Mboni zilikuwa zimedidimia. Ule mkojo wao mgumu ambao hutakiwa uwe mweupe ulikuwa wa rangi ya machungwa. Na tumbo lilikuwa kubwa, limejaa pande zote mbili, lina vinundu ukimtazama kwa upande.

Hilo tumbo ndilo lililonipoteza. Nilishajiambia tangu Desemba: ana mimba, wenye mimba huchagua chakula, hulala sana, mimi mwenyewe nilikuwa hivyo. Kinyonga wa Jackson hatagi. Huzaa watoto hai, kuanzia wanane hadi thelathini hivi, baada ya miezi mitano, sita au zaidi. Tena jike huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini, kwa hiyo kukaa kwake hapa kwetu bila dume si hoja. Kila dalili niliitafutia jibu kwenye mimba. Sikuuliza kama mwenye mimba anaweza pia kuwa mgonjwa.

Kliniki ya kwanza niliyoipigia ilisema haitibu wanyama wa jamii ya mijusi. Ya pili ilikubali, mwendo wa dakika arobaini. Nje ilikuwa nyuzi 19 chini ya sifuri. Nilimweka ndani ya kisanduku chenye taulo na tawi lake moja la kushikilia, nikaweka chupa ya maji ya vuguvugu ndani ya soksi upande mmoja tu, ili akiona joto limezidi asogee. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, na njia nzima nilimwimbia ili nisisinzie.

Daktari alikuwa dada mpole. Alimpima, gramu 71. Akampapasa tumbo kwa vidole viwili, akapitisha ultrasaundi. Aliona viduara vimepangana kama shanga. Kama ni watoto au ni mayai ambayo hayakurutubishwa, hakuweza kuniambia siku hiyo. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Taa yake ya miale ya UVB mliinunua lini?"

Tuliinunua pamoja na kizimba, kwa mtu, imeshatumika. Inawaka vizuri, nikasema. Akanieleza kwamba taa hizo huendelea kuangaza machoni petu huku miale yenyewe imeshakufa; nyingi huhitaji kubadilishwa kati ya miezi sita na mwaka. Bila miale ile mwili wake hautengenezi vitamini D3, bila D3 kalsiamu anayoila haimfai, na kama tumboni mna watoto, nao wanachota kwenye mifupa yake. Ndiyo sababu ya ulimi kuanguka na mikono kutetemeka. Juu ya hapo alikuwa na kiu. Hita zetu za msimu wa baridi zinakausha hewa, na kinyonga hanywi maji ya bakuli. Hulamba matone kwenye majani. Mimi nilikuwa nanyunyiza mara mbili kwa siku, kidogo kidogo, nikiogopa kulowesha zulia.

Alimdunga maji chini ya ngozi, akanipa kalsiamu ya kumdondoshea mdomoni. Nililia kwenye gari kabla ya kuwasha injini.

Sasa tuna taa mpya ndefu, na tarehe ya kununuliwa imeandikwa juu yake kwa wino mweusi. Nanyunyiza asubuhi na jioni kwa dakika kadhaa hadi majani ya mti wake, ule mdogo wa jamii ya mkuyu, yadondoke maji. Zulia tumeliondoa. Usiku tunafunga hita ya chumba chake, maana hawa ni watu wa mlimani, hupumzika vizuri kukiwa na baridi kidogo. Mchana nyuzi 24 hadi 26 zinamtosha, na joto jingi humdhuru. Binti yangu ndiye anayewapaka nyenje unga wa kalsiamu. Huwatikisa kwenye kikombe kama anakoroga uji.

Siku ya tisa ulimi ulifika. Ulifika kweli, ukampata nyenje aliyekuwa mbali karibu urefu wa mwili wake mzima. Binti yangu alipiga kelele hadi jirani wa chini akagonga dari.

Bado hatujui. Wiki iliyopita alikuwa na gramu 76, na daktari anataka kumtazama tena mwisho wa mwezi. Kizimba kidogo cha pili kiko tayari, chenye vijiti vyembamba na wavu wa matundu madogo, kwa sababu watoto hutoka ndani ya utando unaonata, wakauvunja na kutembea, na mama akiwa na njaa anaweza kuwala. Nimeshaagiza nzi wadogo wa matunda wasioruka. Kama ni mayai matupu, nzi hao tutampa mtu mwingine.

Mama naye, Jumapili, aliniuliza kabla hata ya kuuliza habari ya watoto: "Na mzazi anaendeleaje?" Nikamwambia anakula. Akasema nimnyunyizie maji ya kutosha.

Nimemwomba msimamizi anitoe zamu ya usiku mwezi wote wa Machi.