Bima ya afya kwenye ritani ya KRA ukiwa umejiajiri

SHIF (bima ya afya ya serikali) na bima ya kampuni binafsi zote ni za matibabu, ila KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, huzihesabu kwa njia mbili. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, mchango wa SHIF hutolewa kwenye mapato kabla ya kodi kupigwa. Ada ya bima binafsi husubiri: kodi ikishapigwa, unapunguziwa asilimia 15 ya ada uliyolipa, isizidi Sh60,000 kwa mwaka. Kikomo hicho hufikiwa kwa ada ya Sh400,000.

Tuseme faida yako ya mwaka ni Sh1,200,000, SHA, mamlaka inayosimamia SHIF, imekupangia Sh1,000 kwa mwezi na umelipa zote, na bima binafsi imekugharimu Sh80,000. Toa Sh12,000 za SHIF, ibaki Sh1,188,000. Kodi yake ni Sh293,800. Ondoa nafuu ya kila mlipakodi, Sh28,800, kisha nafuu ya bima, Sh12,000. Unalipa Sh253,000. Bila kudai chochote cha bima ungelipa Sh268,600.

Kosa linaloonekana tamu ni kuingiza zile Sh80,000 kwenye gharama za biashara, pamoja na pango la duka na stima. Kwa kiwango cha asilimia 30 zinaokoa Sh24,000, maradufu ya nafuu halali. Ukikaguliwa zinaondolewa, kwa kuwa matibabu yako na ya familia ni matumizi ya nyumbani, na juu yake kuna faini na riba. Bima uliyowakatia wafanyakazi wako ni hesabu nyingine. Hiyo ni gharama ya biashara.

Anayelipa TOT, ile kodi ya biashara ndogo ya asilimia 3 ya mauzo, asijisumbue: hiyo haina makato wala nafuu, na ndiyo kodi ya mwisho kwa mauzo hayo. Vivyo hivyo kwa mwenye faida isiyozidi Sh288,000. Nafuu ya kawaida imeshamaliza kodi yake, na nafuu ya bima haigeuki pesa ya kurudishiwa.

Kwenye iTax, tovuti ya KRA ya kujaza ritani, jibu ndiyo unapoulizwa kama una bima, la sivyo ukurasa wa nafuu haufunguki. Weka PIN (nambari ya mlipakodi) ya kampuni ya bima yenyewe (si ya wakala aliyekuuzia), nambari ya bima, tarehe ya kuanza na ada uliyolipa mwaka huo. Omba cheti cha bima mapema. Mwezi Juni kampuni hulemewa na maombi hayo, na ritani hufungwa tarehe 30. Bima yako, ya mwenzi wako na ya watoto inakubalika. Uliyomlipia mama kule kijijini, hapana. SHIF nayo usiiandike tena kwenye ukurasa huo, imeshahesabiwa.

Cheti na risiti weka miaka 5.