Sukari imeyeyuka, chumvi imegoma

Jumamosi nilikuwa napika kashata za nazi hapa home Tanga, sukari ndo imeanza kuyeyuka inageuka rangi ya asali, mpwa wangu wa form two akauliza, "Mjomba, na chumvi je, nayo itayeyuka hivo?" Nikamwambia ngoja nimalize kashata tujaribu.

Tukaosha sufuria, tukatia chumvi ya mawe kidogo, tukapepea jiko mpaka mkaa ukawa mwekundu. Chumvi ikalia pa pa pa, ikarukaruka (maji yaliyojificha ndani ya punje hayo), afu basi, imebaki kavu nyeupe vilevile. Sukari inayeyuka kwenye nyuzijoto kama 186, chumvi inataka 801, yani sufuria yenyewe ya alumini ingeyeyuka kwanza maana alumini ni 660 tu!

Dogo akadakia, "Kwa hiyo bondi za sukari ni dhaifu." Hapo ndo hata mi nilikuwa nakosea shuleni, nilikariri tu kwamba vitu vya bondi za kovalenti (atomu zinashirikiana elektroni), kama sukari, vinayeyuka upesi. Bondi, yani mshikamano wa atomu ndani ya molekuli ya sukari, ni kali sana, ila molekuli na molekuli zimeshikana kijuujuu, kama abiria waliobanana kwenye daladala, kituo kikifika kila mtu anashuka na mkono na mguu wake wote. Ukizidisha moto ndo abiria wenyewe wanaanza kukatika, unapata ule weusi na uchungu wa kashata zilizoungua. Chumvi haina molekuli, ni ayoni (atomu zenye chaji ya umeme) za sodiamu na kloridi, chanya na hasi, kila moja imezungukwa na sita za upande wa pili, huko kote ni kukabana tu, kwa hiyo kuiyeyusha lazima upambane na bondi zenyewe.

Nikamkumbusha mafuta ya nazi yanavyoganda chupani asubuhi za Julai, joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, wakati ya alizeti yanamiminika tu. Nayo ni kule kushikana kwa molekuli na molekuli: minyororo ya nazi mingi imenyooka, inalaliana vizuri kama kuni, ya alizeti ina vikunjo haipangiki.

Mama alikuwa anatusikiliza tu, akasema yeye yakiganda anaweka chupa juani.