Prosesa ilikuwa na uwezo, mfumo haukuwa na habari

Kigoma, Jumamosi usiku

Leo jioni nimemrudishia mwenyewe kompyuta iliyokaa mezani pangu siku tatu, na kabla ya kulala nataka kuweka kumbukumbu ya kilichotokea, kwa kuwa siku mbili za kwanza nilitafuta ugonjwa mahali usipokuwa.

Mwenye kompyuta ni mpima ardhi mstaafu wa hapa Mwanga. Programu mpya ya kuchora ramani aliyopewa na mwenzake ilikuwa ikifunguka, ikionyesha nembo yake, kisha ikijifunga na kuacha kisanduku chenye namba 0xC000001D. Maana ya namba hiyo ni kwamba prosesa, yaani chipu inayotekeleza amri za programu, imepewa amri ambayo imekataa kuitekeleza kwa sababu si halali kwake. Nilipompigia simu kumwambia kwamba programu ni mbovu, mzee aliitikia shikamoo yangu, akaniacha nimalize, kisha akauliza, “Sasa fundi, mbona kwa mwenzangu inafanya kazi, na mashine zetu tulizinunua siku moja, duka moja?”

Sikuwa na jibu. Prosesa yake ni ya kizazi kilichotoka Januari 2011, yaani kile kile kilicholeta seti ya amri za AVX, ambazo hufanya hesabu kwa rejista (vijisanduku vya ndani ya prosesa vya kushikia namba) za biti 256, yaani tarakimu 256 za 0 au 1, badala ya 128 zilizotangulia. Kwa hiyo uwezo ulikuwepo. Niliendesha programu ndogo inayosoma majibu ya CPUID, ambayo ni amri ya kuiuliza prosesa inajua kufanya nini, na hapo ndipo nilipoona kilichonifanya nicheke peke yangu: biti ya 28, inayosema kuwa prosesa inazo amri za AVX, ilikuwa 1, lakini biti ya 27, inayosema kuwa mfumo endeshi, kwa mashine hii Windows 7, umeukubali utaratibu wa kuhifadhi rejista hizo, ilikuwa 0.

Kijana ninayemfundisha kazi aliuliza kwa nini prosesa ihitaji ruhusa ya kutumia kilicho chake. Nilimwonyesha meza yetu. Tunayo moja tu, na mteja mwenye haraka akiingia, kijana huondoa kazi iliyopo, akaweka skrubu zake katika vifuniko vya chupa za soda, ili baadaye airudishe kazi ile kama ilivyokuwa. Mfumo endeshi hufanya hivyo hivyo mara nyingi ndani ya sekunde moja: huisimamisha programu moja, huhifadhi yaliyomo katika rejista zake, kisha huipisha nyingine. Ukileta rejista pana ambazo mfumo haujawahi kuzisikia, nusu yake haitahifadhiwa, na programu ya pili itaikanyaga hesabu ya kwanza bila mtu yeyote kuona kosa. Ndiyo maana prosesa hukataa kabisa amri hizo hadi mfumo utamke wenyewe kwamba una mahali pa kuziweka. Heri programu ianguke kuliko ramani ya kiwanja itoke na vipimo vya uongo.

Si kila amri mpya ina masharti hayo. POPCNT, kwa mfano, huhesabu tu biti zenye 1 katika namba, haina rejista yake ya pekee, na hufanya kazi hata kwenye mfumo wa zamani. Amri za MMX za mwaka 1997 zilikwepa tatizo kwa ujanja ninaoupenda: ziliazima rejista za hesabu za desimali zilizokuwepo tayari, hivyo mifumo ya zamani ikawa inazihifadhi bila kujua. SSE ilipokuja mwaka 1999 na rejista 8 mpya, ujanja huo uliisha, na tangu wakati huo kila upanuzi wa rejista umelazimika kusubiri mfumo endeshi.

Basi, biti ya 27 ilikuwa 0 kwa sababu yangu. Windows 7 ilitoka mwaka 2009, kabla ya prosesa hii, na msaada wa AVX uliingia katika kifurushi cha kwanza cha marekebisho, Februari 2011. Mimi ndiye niliyeisimika mashine hii miaka ile, kwa diski ya 2009, na kwa kuwa mzee hana intaneti nyumbani, haikuwahi kupata marekebisho yoyote, tofauti, bila shaka, na ya mwenzake. Hata hivyo mwandishi wa programu naye simwachi: aliuliza biti ya 28 akaridhika, hakuuliza ya 27. Angeuliza, programu ingetumia njia ya polepole na mzee angechora ramani zake kwa amani.

Kifurushi hicho nilikipata kwa fundi mwenzangu wa Ujiji, nikakifuata kwa bajaji, karibu megabaiti 900 ndani ya flashi.

Nimewaza pia jinsi mzigo huu unavyokua. Rejista za AVX-512, upanuzi uliokuja baada ya AVX, zinahitaji baiti 2,048 kwa kila kazi inayosimamishwa. Vigae vya AMX, ambavyo ni rejista kubwa zaidi za kuzidishia matriksi, yaani majedwali ya namba, vinahitaji 8,192. Mfumo endeshi wa Linux, katika toleo la 5.16 la Januari 2022, uliamua kwamba programu inayotaka vigae hivyo iombe ruhusa kwanza. Sababu ni kwamba baadhi ya programu za zamani zilitenga nafasi ya baiti 2,048 tu kwa ajili ya kupokea ishara za dharura, na mzigo huo mpya ungezifurika.

Baada ya kuwasha upya, biti ya 27 ilisoma 1 na ramani ikafunguka. Mzee amelipa, akauliza ni kifaa gani nimebadilisha. Nimemjibu kwamba hakuna. Ameniangalia kidogo, kisha akaomba risiti yenye maelezo, nami nikasimama na kalamu muda mrefu kabla ya kuandika: “marekebisho ya mfumo endeshi, nusu bei.”