Panga la kuazima na migomba ya jirani

Huku Kabare, juu ya Bukavu, panga linazunguka kwa majirani kama chumvi, na hapo ndipo ugonjwa unapopita. Majani yakilegea na kugeuka manjano, ndizi zikaiva kabla ya wakati na ndani zina rangi ya kahawia, huo ni mnyauko wa bakteria. Kata shina, subiri kidogo: utaona utomvu wa manjano unatoka kama usaha. Ndizi hizo hazifai hata kwa kasiksi, pombe yetu ya ndizi.

Using'oe kisiki kizima, utavunja mgongo bure. Kata shina lenye dalili tu, chini kabisa usawa wa udongo, kisha pita tena kila wiki maana mengine yanaweza kuonyesha baadaye. Baada ya kila shina, panga lipite motoni mpaka lisishikike, ama kwenye javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, kipimo kimoja kwa vitano vya maji. Ua dume livunje kwa kijiti chenye panda mara chane la mwisho likitokea; nyuki na nyigu wanaolifuata ndio wabebaji. Mbuzi nao wafungwe mbali. Jirani akija kuazima panga, lipite motoni kwanza, na likirudi vilevile.