Nilivyoielewa fahirisi ya hisa kwa kutengeneza ya kwangu

Kwa muda mrefu nilikuwa nikisikia kwenye habari kwamba Dow Jones, fahirisi ya hisa za Marekani, imepanda pointi kadhaa, nami naitikia kwa kichwa. Pointi za nini, hakuna aliyesema. Maelezo niliyoyasoma yaliniambia kuwa fahirisi ni "kipimo cha mwenendo wa kampuni kubwa", jambo ambalo ni kweli na halikunisaidia hata kidogo. Nilichofanya ni kufungua Excel na kujitungia soko la kampuni tatu: hisa moja ya A bei yake 300, ya B 60, ya C 40.

Nilianza na njia ya Dow kwa kuwa ndiyo nyepesi. Mwaka 1896 Charles Dow, mwandishi wa habari aliyeianzisha, alijumlisha bei za hisa za kampuni 12 akagawanya kwa 12, basi. Leo kampuni ni 30, lakini bado kinachotazamwa ni bei ya hisa moja. Kwangu jumla ilikuwa 400, gawanya kwa 3, nikapata 133.33. A ikipanda asilimia 10, fahirisi nzima inapanda asilimia 7.5.

Kisha nikaigawa kila hisa ya A kuwa tatu, kama kampuni zinavyofanya hisa zikiwa ghali mno. Bei ikawa 100, jumla ikashuka hadi 200, na fahirisi yangu ikaporomoka ingawa hakuna aliyepoteza hata senti. Dawa yake ni kubadili kigawanyo: badala ya 3 nikaweka 1.5, na 133.33 ikarudi mahali pake. Ila sasa A ikipanda asilimia 10 ileile, fahirisi inasogea asilimia 5 tu. Kampuni ni ileile, faida ni ileile, uzito umepungua kwa sababu ya hesabu za makaratasi. Ndivyo ilivyokuwa kwa Apple ndani ya Dow mwezi Agosti 2020, ilipoigawa kila hisa kuwa nne. Marekebisho ya namna hiyo yamerundikana miaka yote hii mpaka kigawanyo cha Dow kiko chini ya 0.2, kwa hiyo hisa moja ikipanda dola 1 fahirisi hupanda zaidi ya pointi 5. Kusema kweli, sioni kwa nini kipimo hiki bado kinatangulizwa kwenye habari, labda ni mazoea tu.

Karatasi ya pili ya Excel niliipa njia ya S&P 500 (ya kampuni kubwa 500 za Marekani) na FTSE 100 (ya kampuni kubwa 100 za soko la London): bei mara idadi ya hisa, yaani thamani ya kampuni nzima sokoni. A nikaipa hisa milioni 1, B milioni 20, C milioni 5. Picha ikageuka. A, iliyokuwa na robo tatu ya uzito kule mwanzo, ikabaki na chini ya asilimia 18, na B ikashika asilimia 70. Nikaigawa tena A kuwa hisa tatu tatu, na hakuna kilichotikisika. (Fahirisi zenyewe huhesabu hisa zinazouzika tu, si zile ambazo waanzilishi au serikali wamezishikilia.)

Jumla yangu ilikuwa milioni 1,700. Nikachagua kigawanyo kinachonipa 1,000, namba ambayo FTSE 100 ilianza nayo Januari 1984. S&P 500 ilichagua 10 kwa wastani wa miaka ya 1941 hadi 1943. Hapo nikaacha kabisa kulinganisha namba ya fahirisi moja na ya nyingine, maana kila moja imejichagulia pa kuanzia. Kinacholinganishika ni asilimia.

Jaribio la mwisho lilikuwa kuitoa C, yenye thamani ya milioni 200, na kuingiza D ya milioni 500. Kigawanyo kikapanda ili fahirisi ibaki 1,000. FTSE 100 hufanya hivyo kila robo mwaka: kampuni iliyopanda kwa thamani hadi nafasi ya 90 au juu zaidi inaingia, iliyoshuka hadi ya 111 au chini zaidi inatoka, na nafasi za katikati zimeachwa makusudi ili kampuni zisiingie na kutoka kila mara. General Electric, mojawapo ya zile 12 za Charles Dow, iliondolewa kwenye Dow mwaka 2018. Fahirisi haizeeki pamoja na kampuni zake.

Sasa nikikutana na grafu inayoonyesha DAX ya Ujerumani ikiiacha mbali FTSE 100, kwanza natazama kama gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwalipa wenye hisa, limehesabiwa. DAX inayotangazwa kila siku huchukulia kuwa gawio limerudishwa kununua hisa zaidi. FTSE 100 inayotangazwa hailiingizi. Kwa miaka thelathini na zaidi tofauti hiyo ni kubwa mno, na toleo la FTSE 100 lenye gawio lipo kwa anayelitafuta.