Karatasi zisizo na mwenyewe

Mimi ni katibu muhtasi, na printa ya ofisi yetu iko hatua mbili kutoka mezani kwangu. Mwezi Machi niliamua kukusanya karatasi zinazoachwa pale bila mwenyewe: kurasa zilizochapwa mara mbili, barua pepe ambayo ukurasa wake wa pili una jina la mtumaji tu. Kufika Ijumaa, rundo lilikuwa na unene wa kidole gumba. Roho iliniuma.

Karatasi moja ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5 tu. Lakini rimu, yaani karatasi 500, ni kilo mbili na nusu, na sisi tulikuwa tunafungua rimu nne kwa wiki.

Nilimwomba kijana wa TEHAMA aweke kompyuta zote zichape pande mbili, labda mtu abadilishe kwa makusudi. Dakika chache tu. Mhasibu akasema, "Dada, hati za malipo niachie upande mmoja." Tukamwachia.

Makabrasha ya kikao ndiyo yalikuwa balaa: nakala 14, kurasa 60 kila moja. Sasa yanatumwa kwa barua pepe. Namchapia mwenyekiti peke yake, maana ni mzee anayesoma kalamu ikiwa mkononi, na anasoma kweli.

Zilizochapwa upande mmoja nazikata daftari za kuandikia. Zenye majina ya watu nazichanachana. Niliwahi kununua karanga zilizofungwa kwenye orodha ya mishahara.

Wiki hii tumefungua rimu mbili.