Ukija Nairobi kukimbia kwa ajili ya askari majeruhi

Wakenya waliotumikia jeshi la Uingereza au la Marekani wakishavua sare, wengi hupatwa na wazo lile lile: nirudi nyumbani, nikimbie marathoni Nairobi, nichangishe pesa za wenzangu waliopoteza miguu. Wazo ni zuri, ila mara nyingi huharibikia kwenye simu, kabla mtu hajapanda ndege.

Amua kwanza mchango ni wa nani. Majeruhi wa Uingereza wana mashirika yao, kama Help for Heroes la 2007. Wa Marekani wana Wounded Warrior Project, la 2003. Wa KDF, yaani jeshi la Kenya, walioumia tangu jeshi hilo livuke mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011, ni kapu lingine kabisa. Usichanganye makapu, na sababu kubwa ni kodi. Mlipa kodi wa Uingereza akitoa pauni 100 kwa shirika linalotambuliwa na kujaza tamko la Gift Aid, shirika hudai serikalini pauni 25 za ziada. Pauni hizo hizo zikienda kwenye laini ya binamu yako pale Umoja, hakuna cha ziada, na Mmarekani naye hawezi kuzipunguza kwenye kodi yake. Tena ukiandika "askari majeruhi" bila kusema wa wapi, mfadhili wa Leeds atadhani ni wa kwao, na shangazi zako watadhani ni wa kambi ya Lang'ata hapa Nairobi.

Kapu la Kenya lisiwe kwenye laini ya mtu. Laini ya M-Pesa haishiki zaidi ya shilingi 500,000, na kwa mpigo mmoja haipokei zaidi ya 250,000. Michango humiminika wiki ya mbio. Laini ikijaa, pesa zinakataa kuingia na mtumaji hajaribu mara ya pili. Kuna baya zaidi, Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Mwenye laini akiwa na deni, mchango ukiingia tu unakatwa. Hajaiba, mfumo umejilipa. Lakini hebu jaribu kuwaeleza hivyo watu 200 kwenye kikundi cha WhatsApp.

Dawa yake ni Paybill, yaani nambari ya M-Pesa ya kupokelea malipo, ya shirika lililokwisha sajiliwa, iliyofungwa kwenye akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, wawili wakitosha kutoa pesa. Pale pa nambari ya akaunti, wachangaji waandike neno moja, tuseme MGUU, ili pesa zako zichujwe kwa urahisi kwenye taarifa ya mwezi. Usianzishe shirika lako mwenyewe kwa ajili ya mbio moja. Makaratasi yatakumaliza pumzi kabla ya Lang'ata Road. Anza kwa kuzungumza na chama cha wanajeshi wa zamani, DEFOCA. Nauli yako na ada ya kujiandikisha zilipe mfukoni mwako, na uliseme hilo mapema. Ndoo za kuchangisha barabarani zinataka leseni. Nambari ya mkimbiaji kifuani siyo leseni.

Jambo ambalo wengi hulisahau uwanja wa ndege: acha huko huko nguo na mabegi ya mabaka ya kijeshi. London ni fasheni. Hapa raia kuvaa sare ya jeshi au inayofanana nayo ni kosa la jinai, hata kama uliivaa kihalali miaka 12 kwingine. Na usimpige picha askari aliye kazini ukamweka kwenye tangazo la mchango bila ruhusa ya jeshi lenyewe. Atakayeulizwa ni yeye.

Kuhusu mwinuko, Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko Mombasa. Fika siku 10 au zaidi kabla, na siku za kwanza kimbia kwa mwendo unaokuruhusu kusema sentensi nzima. Sahau muda wako wa London.

Ukikimbia na mwenzako mwenye mguu bandia uliokatwa chini ya goti, hapo ndipo maandalizi yanapotakiwa kuwa makini. Kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, hunywea kadiri saa zinavyokwenda. Kikinywea, kinazama ndani ya soketi, kile kikombe cha mguu bandia kinachokishika, na uzito wote unaegemea ncha ya mfupa. Dalili ya mapema ni maumivu chini ya pia ya goti, na tiba yake ni kuongeza soksi ya kigutu. Kwa hiyo beba soksi za unene tofauti, laina ya pili (ile soksi ya silikoni inayovaliwa juu ya ngozi ya kigutu), taulo kavu na ufunguo wa pembe sita wa milimita 4 wa kukaza skrubu. Mguu ukianza kulia tiki-tiki, skrubu imelegea. Jasho nalo hujikusanya ndani ya laina mpaka mguu uteleze. Katika mazoezi ya kwanza, simameni kila kilomita 5, mvue, mfute, mkague ngozi. Wekundu ukikaa zaidi ya dakika 15 bila kufifia, siku hiyo imeisha, hata kama amebakiza kilomita mbili na kamera zinasubiri.

Majeraha mengine hayaonekani. Mlio wa bastola ya kuanzia mbio unaweza kumrudisha mtu El Adde, kambi ya KDF iliyoshambuliwa Somalia Januari 2016. Mwambie mapema bastola italia saa ngapi, na mkae nyuma kabisa ya kundi.

Asiyeweza marathoni apewe matembezi ya mzigo kutoka Kariokor, mtaa uliopata jina kwa wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, hadi sanamu tatu za askari kwenye Kenyatta Avenue. Sanamu hizo ni za 1928, na maandishi yake huwaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Mpe OCS, mkuu wa kituo cha polisi cha eneo hilo, taarifa ya maandishi, si chini ya siku 3 wala zaidi ya 14 kabla, na mtembee Jumapili asubuhi. Mzigo bora ni unga wa mahindi, pakiti sita za kilo 2, wa kupelekewa familia za majeruhi. Karatasi ya pakiti hulowa jasho la mgongo ikapasuka, na mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, kwa hiyo funga pakiti mbili mbili kwa leso kuukuu. Mkifika, unga ushushwe, uhesabiwe mbele ya watu, uandikwe kwenye daftari lile lile la pesa.